Mbwa wa kupakata na rangi za maji: Maltese, Yorkshire, Pomeranian, Pekingese, Pug au Chihuahua?

Anayetaka mbwa mdogo wa ndani huuliza kwanza anakula nini na anabweka kiasi gani. Anayetaka picha ya mbwa huyo kwa rangi za maji huuliza bei na siku ya kuichukua. Ni maswali ya haki, ila yote yanaruka kitu kimoja kinachoamua karibu kila kitu: manyoya. Manyoya ndiyo yatakayokula muda wako asubuhi, na hayohayo ndiyo yanayomwamulia mchoraji karatasi, kiasi cha maji na mahali pa kuinua brashi. Kasheshe ni kwamba mbwa anayechoreka vizuri mara nyingi siye anayetunzika kirahisi. Basi nimewapanga wawiliwawili, nyumbani kwanza, kisha kwenye karatasi.

Kabla ya hapo niseme wazi: hawa wote ni mbwa wa kulala ndani. Kama kwenu mbwa haingii ndani, iwe kwa sababu ya dini, ya mwenye nyumba au ya mama mkwe, usimnunue hata mmoja wao ukamfunge bandani uani. Geti hawalilindi, mvua ya usiku hawaihimili, na kupe watawamaliza. Picha haina masharti hayo. Wapo waliotundika sebuleni mbwa wa shangazi anayeishi London, na hakuna aliyelalamika.

Jambo jingine ni asili. Vilabu vya mbwa vya Uingereza na Marekani huwaweka wote sita katika kundi la mbwa wadogo wa kupakata. Shirikisho la kimataifa, FCI, linapanga tofauti: Maltese, Pekingese, Pug na Chihuahua wako kundi la 9, Yorkshire yuko kundi la 3 pamoja na mbwa wa kufukua mashimo na kuwinda panya, na Pomeranian yuko kundi la 5 pamoja na ndugu zake wa nchi za baridi. Mpangilio huo una maana yake. Yorkshire wa kilo 3 bado anajiona mwindaji, na Pomeranian bado amevaa koti la theluji hata akiwa Kinondoni.

Maltese na Yorkshire

Hawa wanafanana kuliko wanavyoonekana. Wote wawili wana manyoya marefu ya hariri yasiyo na sufu chini yake, kwa hiyo makochi yako hayatajaa manyoya. Lakini manyoya yasiyodondoka hayaendi popote: yanasokotana. Usipochana kila siku, nyuma ya masikio na kwapani hufunga mafundo, na fundo likishakaza dawa yake ni mkasi. Wenye kazi za kutoka alfajiri huwanyoa wote wawili kimo cha kidole na maisha yanaendelea. Hakuna aibu katika hilo, ila jua kwamba ile hariri ya kufagia sakafu uliyoiona kwenye picha za maonyesho ni kazi ya mtu mwingine ya kila siku.

Maltese ni mpole zaidi na anamng'ang'ania mtu wake, kiasi kwamba kumwacha peke yake kutwa nzima ni kumtesa. Usumbufu wake mkubwa ni madoa ya machozi, ile michirizi yenye rangi ya kutu chini ya macho, ambayo kwenye manyoya meupe haijifichi. Yorkshire ana kelele na ujasiri usiolingana na mwili wake. Mbari hii ilikuzwa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19, miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliohitaji mbwa wa kuua panya. Dume aliyehesabiwa kuwa baba wa mbari nzima, Huddersfield Ben, aliishi kuanzia 1865 hadi 1871 tu. Ukimleta Yorkshire kwenye nyumba yenye kuku au sungura, usishangae.

Sasa kwenye karatasi wanaachana kabisa.

Katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Tyubu ya rangi nyeupe ipo, lakini ikitandazwa eneo kubwa inakuwa na uchokaa, na picha inapoteza ule mwanga unaotoka chini ya rangi. Kwa hiyo mchoraji wa Maltese hufanya kazi pembeni ya mbwa kuliko juu yake. Hupaka usuli, tuseme kijani kilichopoa au buluu ya kijivu, mpaka kwenye ncha za manyoya, na ukingo huo ndio unaomtoa mbwa. Vivuli vya chini ya sikio na kidevuni hutoka kwenye rangi mbili tu, buluu ya altramarini (PB29, namba ya rangi hiyo kwenye tyubu) na udongo wa Siena uliochomwa (PBr7), zikizimuliwa mpaka maji yabaki na rangi ya kuotea. Ukizidisha buluu kivuli kinapoa, ukizidisha udongo kinapata joto. Mwisho yanakuja macho mawili na pua, vitu vitatu vyeusi vinavyobeba uso mzima. Ndani ya kila jicho huachwa kitone cha karatasi kisichoguswa, na vitone vyote viwili vikae upande uleule, upande wa dirisha. Kikikosewa kimoja, mbwa anakuwa makengeza.

Kwa hiyo ukimpelekea mchoraji picha ya Maltese, usimwambie "usuli uache mweupe." Mbwa mweupe juu ya karatasi nyeupe itabidi azungushiwe mstari wa kijivu ili aonekane, na hapo umelipia rangi za maji ukapewa penseli iliyopakwa rangi.

Yorkshire hahitaji ujanja huo. Ana rangi mbili zilizo wazi, mgongo wa buluu ya chuma na kichwa cha dhahabu ya hudhurungi, na kwa maelezo rasmi ya mbari unyoya wake wa dhahabu ni mzito shinani na unafifia kuelekea nchani. Rangi za maji hupakwa kutoka hafifu kwenda nzito, kwa hiyo mchoraji anaanza na rangi ya nchani, anaacha ikauke, kisha anarudi na brashi ndefu nyembamba kuzamisha mashina. Mbwa na rangi wanaelewana. Tatizo ni umri: watoto wa Yorkshire huzaliwa weusi wenye mabaka ya hudhurungi, na ile buluu ya chuma inaweza kuchukua miaka miwili au mitatu kutulia. Picha ya mtoto wa miezi mitatu itakuwa ya mbwa ambaye baada ya muda wageni hawatamtambua.

Pomeranian na Pekingese

Hapa tuko kwenye manyoya mazito, yaani koti la juu na sufu chini yake. Wote wawili hudondosha manyoya, na wote wawili huteseka na joto, ila Pekingese anateseka zaidi kwa sababu pua yake imebanwa usoni na njia yake ya hewa ni nyembamba. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na Pekingese hawezi kuhema sawasawa. Mtu anayeishi Mombasa, Tanga au Dar bila kiyoyozi cha kuaminika amwache. Macho yake makubwa yaliyotokeza pia huchubuka kirahisi, na jicho la mbwa lililochubuka halingoji Jumatatu.

Pomeranian ni mwepesi zaidi kwa kila maana. Ana uzito wa kati ya kilo 1.4 na 3.2, ni mchangamfu na ni mdadisi. Meno yake yanahitaji kuangaliwa, kwa sababu meno ya utotoni mara nyingine hugoma kutoka, na bomba lake la pumzi ni dhaifu. Usimfunge kamba shingoni, mvalishe mkanda wa kifuani. Na usimnyoe upara ukidhani unampunguzia joto. Manyoya ya mbari hii yakinyolewa karibu na ngozi wakati mwingine hayarudi yalivyokuwa, na mengine hayarudi kabisa.

Wote wawili walipitia kwenye mikono ya Malkia Victoria. Pekingese mmoja alichukuliwa mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipopora Kasri la Kiangazi la Beijing, akafikishwa kwa malkia, naye akaitwa Looty, jina linalotokana na uporaji huohuo. Mwaka 1861 mchoraji Friedrich Keyl akamchora kwa rangi za mafuta. Pomeranian walikuja baadaye: mwaka 1888 malkia alimpata Marco huko Florence, Italia, na alipokuwa akifariki mwaka 1901 aliomba Pomeranian wake Turi alazwe kitandani pake. Zamani mbari hii ilikuwa kubwa. Tazama mbwa mama na mtoto wake waliochorwa na Thomas Gainsborough yapata 1777, picha iliyoko jumba la sanaa la Tate, London: mama yule hapakatwi na mtu.

Kwa rangi za maji, Pomeranian ni zawadi. Manyoya yake hayana mstari wa mwisho, yanayeyuka hewani, na hicho ndicho rangi za maji hufanya zikiachiwa. Mchoraji hulowesha karatasi kwa maji matupu, husubiri mng'ao wa maji upungue mpaka karatasi ibaki na unyevu usiometameta, kisha hudondoshea chungwa na udongo wa Siena. Rangi inajitandaza yenyewe na kutoa ukingo wa manyoya ambao hakuna brashi inayoweza kuuchora. Akidondosha mapema, rangi inakimbia ukurasa mzima. Akichelewa, maji mapya yanasukuma rangi iliyokwisha kukaa na kuacha madoa yenye kingo kama koliflawa. Nafasi ni ya dakika chache, na inategemea mji: kwenye unyevu wa pwani karatasi hubaki mbichi muda mrefu, Nairobi wakati wa kiangazi cha Januari inakauka ukigeuka kuchukua kikombe. Macho na pua huja mwisho, baada ya yote kukauka.

Pekingese kwa njia hiyohiyo anageuka rundo. Umbo lake lote limefunikwa na manyoya yanayomwagika chini, miguu haionekani, na ukimlegeza mwili na uso kwa pamoja hakuna atakayejua mbele ni wapi. Mchoraji anayemjua humgawa: uso mweusi huchorwa kwa makini kwenye karatasi kavu, mikunjo ya pua ikihesabiwa, halafu shingo na mwili huachiwa maji. Ombeni pia awekewe kitu cha kupimia ukubwa, hata kandambili moja pembeni yake. Bila hicho Pekingese kwenye picha anaweza kudhaniwa simba.

Pug na Chihuahua

Watu humchagua Pug wakiamini manyoya mafupi hayana kazi. Hayana kazi ya kuchana, ni kweli, lakini yanadondoka mwaka mzima, na yakiingia kwenye kitambaa cha kochi hutoki nayo. Mikunjo ya uso inataka kufutwa na kukaushwa, la sivyo inatoa harufu na vidonda. Halafu lipo suala la pumzi, ambalo kwa Pug silioni kama jambo la kupuuzwa. Ule mkoromo watu wanaouita mzuri ni hewa inayopita kwa taabu. Mashirika mengi ya ndege huwakataa mbwa wa pua fupi au huwawekea masharti makali, hasa sehemu ya mizigo, kwa hiyo familia inayohamahama ifikirie mara mbili. Pug hakuwa hivi siku zote. William Hogarth alijichora mwaka 1745 pamoja na Pug wake aliyeitwa Trump, na mbwa yule ana mdomo uliotokeza na miguu mirefu kuliko Pug yeyote wa leo. Ukipata mfugaji anayezalisha watoto wenye pua iliyofunguka kidogo, huyo ndiye wa kumlipa.

Chihuahua ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. FCI inamtaka awe kati ya kilo 1 na 3. Anahema vizuri, joto halimsumbui sana, baridi ya Limuru au Arusha mwezi wa Julai ndiyo inayomtetemesha. Huishi muda mrefu. Udhaifu wake uko kwenye mifupa: pia ya goti huchomoka mahali pake, na anguko la kutoka kitandani linaweza kuvunja mguu. Mtoto mchanga wa Chihuahua akikosa mlo kwa saa kadhaa sukari yake ya damu hushuka hadi akalegea. Nyumba yenye watoto wa miaka mitatu wanaokimbia na kubeba kila kitu si yake. Pug angewafaa watoto hao zaidi, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Kwenye karatasi, hawa wawili humfichua mchoraji. Maltese na Pomeranian wana manyoya ya kusitiri makosa, ila Pug na Chihuahua wenye manyoya mafupi hawana pa kujificha. Macho yakikaa milimita mbili nje ya mahali pake, huyo ni mbwa mwingine. Pug wa rangi ya mchanga ana faida ya uso mweusi, kwa hiyo picha inajishikilia yenyewe kwa mbali. Pug mweusi ni kazi nyingine kabisa. Mchoraji mvivu humpaka kijivu cha tyubu moja, akatoka na tundu lenye macho. Anayejua huchanganya tena ile altramarini na udongo wa Siena, safari hii nzito, akiacha buluu ijitokeze juu ya mgongo panapogongwa na mwanga na hudhurungi ibaki kifuani.

Chihuahua ana siri moja, masikio. Ni ngozi nyembamba, na mbwa akikaa dirishani na mwanga ukiwa nyuma yake, masikio yanawaka waridi na mishipa inaonekana. Tabaka la kwanza ni waridi hafifu, likauke kabisa, juu yake tabaka la pili lenye joto zaidi karibu na shina la sikio, kisha mishipa kwa ncha ya brashi. Mafuta na akriliki hufika hapo kwa shida, rangi za maji hufika kwa tabaka mbili. Ukiwa na Chihuahua, mpige picha akiwa dirishani.

Cavalier King Charles, mbwa mwingine wa kupakata, nampitia haraka, ingawa ndiye mrembo kuliko wote na mchoraji Edwin Landseer alimtendea haki mwaka 1845. Moyo wake ndio unaonizuia. Ugonjwa wa vali za moyo umeenea mno katika mbari hii, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuwazalisha kulikuwa kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Mchore wa jirani.

Picha huru au unyoya kwa unyoya

Mtindo wa unyoya kwa unyoya una babu yake: sungura wa Albrecht Dürer wa mwaka 1502, aliyeko jumba la makumbusho la Albertina, Vienna, rangi za maji zikiwa zimesaidiwa na rangi nzito isiyopenya mwanga. Ukitaka hivyo kwa Yorkshire, Pug au Chihuahua, itisha karatasi laini iliyoshindiliwa kwa roli za moto, na uwe na subira, kwa sababu kazi inakwenda polepole na bei inafuata. Kwa Pomeranian na Maltese itisha karatasi yenye mkwaruzo wa wastani, inayoshika maji. Kwa vyovyote iwe ya pamba asilimia 100 na isipungue gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi nyepesi hujikunja ikilowa.

Uliza rangi kwa namba zake. Waridi la ulimi ndilo huwa la kwanza kufa: alizarini ya zamani, PR83, hufifia kwenye mwanga, na yale mawaridi yanayong'aa kupita kiasi hufifia upesi zaidi. PV19 inakaa. Mchoraji anayekasirika ukimuuliza hivyo, muage kwa heshima.

Siku hizi pia kuna picha zinazogeuzwa na programu zikachapwa zikauzwa kama rangi za maji. Si vibaya kununua chapa ukijua ni chapa. Shika kioo cha kukuzia: rangi ya kweli imetuama kwenye vishimo vya karatasi na kukoza kingo za doa, chapa ina vitone vidogo vilivyopangana. Kama mchoraji yuko mbali, mwombe picha tatu za kazi ikiwa inaendelea.

Picha ya kuchorea ipige ukiwa umelala chini, macho yako yalingane na ya mbwa, kwa mwanga wa dirisha, bila flashi. Kaa hatua mbili tatu nyuma kisha uvute kwa zumu. Simu ikisogezwa karibu sana hukuza pua na kufinya masikio, na mchoraji ataiga alichopewa.

Ikiwa picha itakaa mji wa pwani, fremu iwe na kadibodi isiyo na asidi inayoitenga karatasi na kioo. Karatasi ikigusa kioo kwenye unyevu hushika ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye pamba hautoki. Ukuta unaopigwa na jua la saa kumi uachie saa au kalenda.

Kwa fleti ya Nairobi yenye watu wazima watupu ningemchukua Chihuahua, na nikachorewe masikio yale. Kwa ukuta peke yake, bila mbwa, ni Pomeranian, mtindo huru, fremu pana. Mstaafu anayekaa nyumbani kutwa hatapata rafiki bora kuliko Maltese, mradi kitana kiwe mezani na usuli wa picha usiwe mweupe. Wenye watoto wadogo na kiyoyozi wanaweza kumfikiria Pug mwenye pua iliyofunguka. Pekingese simshauri mtu wa pwani hata kama amepewa bure. Na mwenye mtoto wa Yorkshire asubiri rangi itulie ndipo alipe fundi, au ajiandae kuchora mara mbili.